Tuliuliza Majitaka, Tukajibiwa Maadui

Mimi ni katibu wa chama cha wakazi wa mtaa wetu hapa Eastlands, Nairobi. Nilianza kazi hiyo ugatuzi ulipoanza, 2013, na hadi leo mimi ndiye ninayeandika kumbukumbu. Naandika waliohudhuria, ajenda, nani aliuliza nini, nani alijibu nini, na nani aliahidi kufanya nini kufikia lini. Kaunta buku zikishajaa kadhaa ukazipitia kwa pamoja, unaona jambo ambalo aliyehudhuria mkutano mmoja hawezi kuliona. Maswali ya wakazi ni yale yale mwaka nenda mwaka rudi: maji, majitaka, taa, zahanati, basari. Majibu ya wanasiasa ndiyo hubadilika kila msimu, na mengi hayagusi swali lililoulizwa.

Naandika haya sasa kwa sababu uchaguzi wa 2027 unakaribia, na tayari majirani waliosaidiana tulipovamiwa na kipindupindu wameanza kununiana kwa ajili ya rangi za vyama. Inaniuma sana.

Mkutano ninaoukumbuka kuliko yote ulikuwa wa 2016. Bomba la majitaka lilikuwa limepasuka nyuma ya shule ya msingi, na maji meusi yakawa yanapita barabarani hadi mbele ya vibanda. Wauza mboga walikuwa wamepanga mawe ili wateja wavuke, na asubuhi watoto walivuka hapo mmoja mmoja wakiwa na sare za shule, viatu mkononi. Mwanasiasa mmoja (simtaji, wala chama chake, kwa sababu nimewaona wa vyama vyote wakifanya alivyofanya) alikuja Jumapili alasiri na msafara wa magari, vipaza sauti na vijana waliovaa fulana mpya. Mama mmoja anayekaanga samaki alisimama, aproni ikiwa bado kiunoni, akauliza: "Mheshimiwa, sisi tunataka kujua hili bomba litatengenezwa lini. Mimi nauza chakula, na watu wanapita hapo wakiwa wameziba pua."

Jibu ninalo kitabuni, maana niliandika jinsi lilivyotoka. Kwanza alimshukuru: "Asante sana mama yangu, hilo ni swali la maana." Kisha akaugeukia umati. "Kwani nyinyi hamjui ni nani amekalia pesa za mtaa huu?" Vijana wa fulana wakaitikia, "Tuambie!" Akaeleza kuwa kuna watu wa chama kile kingine walioapa kwamba watu wetu hawataendelea, kwamba wanatuogopa kwa wingi wetu, kwamba siku ya kura tutawaonyesha. Mtakubali tudharauliwe? Hapana! Tuko pamoja? Pamoja! Akalitaja jina la kinara wa chama, muziki ukafunguliwa, na mkutano ukaishia hapo. Yule mama alikuwa bado amesimama. Nilipomtazama mara ya mwisho alikuwa akipiga makofi pamoja na wengine.

Kwenye safu ya "hatua na tarehe" sikuwa na la kujaza.

Nimelisoma jibu hilo mara nyingi. Hakuna uongo ndani yake unaoweza kuushika, maana hakusema lolote kuhusu bomba. Mama aliuliza lini, akajibiwa nani, na huyo "nani" ni mtu wa mbali asiyeweza kuitwa mkutanoni ajitetee. Mwanasiasa aliyekuja akiwa na deni la kujibu aliondoka akiwa mtetezi wetu. Sisi tuliokuja kudai tukaondoka tukiwa jeshi lake.

Huwa nakasirika nikisikia watu wa mitaa ya kifahari wakisema wapiga kura wa Eastlands ni wajinga wanaonunuliwa kwa pakiti ya unga na mia mbili. Unga na mia mbili zipo, nimeona zikigawanywa. Lakini mama yule hakununuliwa. Alichoshwa, na uchovu huo una watu wanaoutengeneza.

Tazama mambo yalivyo. Siku ya kura Mkenya hupewa karatasi sita: rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike wa kaunti na mwakilishi wa wadi. Katiba ya 2010 iligawa kazi za serikali kuu na kaunti katika Jedwali la Nne, na ukilisoma mgawo wenyewe unaeleweka. Maji na usafi, takataka, zahanati, chekechea na barabara za mitaani ni za kaunti. Shule za msingi, polisi, vyuo vikuu na barabara kuu ni za serikali kuu. Mtaani, hata hivyo, mambo hayaji yakiwa yamegawanywa hivyo. Mbunge anajenga darasa kwa pesa za NG-CDF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya majimbo ya ubunge, na jina lake linachorwa ukutani kana kwamba alitoa mfukoni. Basari inatoka kwa mbunge, inatoka kwa mwakilishi wa kike, inatoka kwa kaunti, kwa hiyo mzazi aliyekosa hajui ni mlango upi uliomfungia. Ukiuliza majitaka kwa huyu unatumwa kwa yule, yule anasema bajeti imechelewa kutoka Hazina ya Taifa, na Hazina iko mjini, ambako hakuna mtu wa mtaa wetu anayepita langoni. Kila mmoja ana kipande cha ukweli mkononi. Ukishazungushwa hivyo miaka mitano, unabaki na kitu kimoja tu unachokiona wazi: rangi ya chama na sura ya kinara. Hapo ndipo mtu anaposhikilia, na vyama vinajua. Ndiyo sababu tunahimizwa kupiga kura ya suti, vipande vyote sita kutoka chama kimoja, tusije tukaanza kumpima mtu mmoja mmoja.

Ukishapiga suti, mwakilishi wa wadi hana sababu ya kukuogopa. Anamwogopa mwenye kutoa tiketi. Kwenye ngome ya chama mshindi hupatikana katika mchujo, au hupewa tiketi ya moja kwa moja, na kura ya Agosti inakuwa ya kuidhinisha.

Nairobi tulionja mkanganyiko wa aina hii kwa kipimo kikubwa kuanzia 2020. Februari mwaka huo gavana wa wakati huo, Mike Sonko, alitia saini Ikulu hati ya kukabidhi serikali kuu majukumu ya kaunti katika afya, uchukuzi, mipango na ujenzi. Ikaundwa NMS (Nairobi Metropolitan Services), ofisi ya serikali kuu ya kuendesha huduma hizo za jiji, ikaongozwa na mwanajeshi, Mohamed Badi. Kabla mwaka haujaisha, Sonko mwenyewe alikuwa ameondolewa na Seneti. Sibishani hapa kama NMS ilifanya kazi au la. Ilichimba visima, na kuna watu waliochota maji humo. Naeleza tu kilichotokea kwenye kumbukumbu zangu. Kwa muda mrefu karibu kila swali letu lilirudi na jibu la "hiyo si yetu tena", na hata tulipopata huduma hatukujua kura ya 2022 tumpe nani au tumnyime nani kwa sababu yake, maana waliokuwa wakisimamia hawakuchaguliwa na mtu. Baada ya uchaguzi majukumu yakarudi kaunti, na lawama za miaka hiyo hazikupata mwenyewe hadi leo.

Haya hayakuanza na ugatuzi. Kura yangu ya kwanza niliipiga Novemba 2005, kura ya maoni kuhusu katiba. Rasimu ilikuwa kitabu kizima, na nyumbani kwetu hakuna aliyeifikisha mwisho. Alama zilikuwa ndizi kwa wanaounga mkono na chungwa kwa wanaopinga, na mtaani hakukuwa na swali lingine ila, "Wewe ni ndizi au chungwa?" Chini yake kulikuwa na ugomvi wa vigogo wa NARC, muungano uliokuwa ukitawala, juu ya mkataba wa maelewano waliowekeana 2002, kabla ya kukiondoa chama cha KANU madarakani. Ulikuwa ugomvi wa kugawana madaraka. Ulipotufikia sisi ulikuwa umeshavikwa kabila. Chungwa likashinda, chama cha ODM kikazaliwa humo, na baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 tuliona mwisho wake: zaidi ya watu 1,100 waliuawa na zaidi ya 600,000 wakafukuzwa makwao.

Halafu tazama swali la damu hiyo lilivyogeuzwa. Kufikia 2013, Uhuru Kenyatta na William Ruto walikuwa wakikabiliwa na mashtaka katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko Hague, na waliungana wakagombea pamoja. Kwenye mikutano niliyohudhuria mwaka huo sikusikia mtu akiuliza ni nani atamfidia mama aliyechomewa kibanda, wala ni nani alimuua mwanawe. Tuliulizwa kama tutakubali wageni watuchagulie viongozi. Umati ulijibu kwa sauti moja, na swali la kwanza likazikwa. Mashtaka dhidi ya Kenyatta yaliondolewa Desemba 2014, kesi ya Ruto ikakatizwa Aprili 2016, na walioondokewa na watu wao hawajapata jibu kutoka kwa upande wowote, uwe wa serikali au wa upinzani. Upinzani nao ulikuwa na sababu zake za kutochimbua sana.

Jirani yangu fundi viatu alipoteza jino kwenye maandamano ya 2017. Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta uchaguzi wa rais Septemba 1, marudio yakafanywa Oktoba 26 bila mgombea wake, Raila Odinga, kushiriki, na yeye alikuwa barabarani karibu kila siku. Machi 9, 2018, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wakasimama kwenye ngazi za Harambee House, ofisi ya rais, wakapeana mikono. Nilipita kibandani kwake adhuhuri hiyo. Alikuwa na kiatu magotini, sindano mkononi, na hashoni. Nilimwambia, "Pole, ndugu yangu." Akanijibu, "Nangoja kuelezwa."

Alielezwa jioni hiyo hiyo. Wapambe walipita wakisema huu ni mkakati, wakubwa wanajua wanachofanya, subirini mtaelewa. Kesho yake alinirudia na maelezo hayo neno kwa neno, na aliyeuliza zaidi akawa msaliti. Namheshimu sana mtu huyu na najua si mjinga. Ila ukishalipia chama kwa jino, na kwa marafiki uliokosana nao, na kwa siku za kazi ulizopoteza, inakuwa vigumu mno kukubali kwamba ulichopigania kilimalizwa kwa mazungumzo usiyoalikwa. Maelezo yoyote yanapokelewa, hata yasiyoeleza kitu. Mwenye chama anajua uchungu huo na anautegemea.

Tangu hapo mageuzi yamekuja mengi hata mtu anashindwa kuyafuata. Mwaka wa 2022 rais aliyekuwa akiondoka, Uhuru, alimuunga mkono mpinzani wake wa miaka mingi, Raila, dhidi ya naibu wake mwenyewe, Ruto. Ruto akashinda kwa asilimia 50.49 akiahidi kuwainua mama mboga na wa boda boda. Aliyekuwa naibu wake, Rigathi Gachagua, alilinganisha serikali na kampuni yenye wenye hisa, walioipigia kura wakawa mbele. Oktoba 2024 akaondolewa madarakani, naye sasa ni mpinzani. Kabla ya hapo vigogo wa ODM, chama alichokiongoza Raila, walikuwa wameingia katika Baraza la Mawaziri, John Mbadi akipewa Hazina ya Taifa, na Machi 7, 2025, UDA, chama cha Ruto, na ODM vikatia saini mkataba katika ukumbi wa KICC, Nairobi. Sisemi kila hatua kati ya hizo ilikuwa mbaya. Kuna wakati maridhiano huokoa maisha. Ninachouliza ni kwa nini katika kila mgeuko mpiga kura huambiwa ageuze hasira yake upande mwingine siku hiyo hiyo, bila hesabu yoyote ya ahadi za jana.

Kuna kijana wa mtaani, amesoma hadi chuo na hana kazi ya kudumu, aliyenionyesha simu yake wakati wa kampeni za 2022. Kila asubuhi aliletewa ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp: mada ya siku, heshitegi ya kusukuma, na majibu yaliyoandikwa tayari. Bei ya unga ikitajwa, uliza mbona hamkusema wakati wa serikali ile. Deni la taifa likitajwa, uliza familia ya mgombea wao ina ekari ngapi. Mtu wetu akipatikana na kashfa, usitetee. Tafuta kashfa ya mtu wao iliyo kubwa zaidi uibandike. Nilimuuliza kama anaamini watu wanashawishika. "Mama, hatuambiwi tuwashawishi," alisema. "Tunaambiwa tuhakikishe hakuna mada inayokaa." Alikuwa akilipwa kwa siku, na pesa hizo zilimlipia kodi ya nyumba. Simlaumu. Nawalaumu waliokaa wakafikiria kazi hiyo, wakaiandikia maagizo, kisha wakampa mtoto wetu aifanye.

Jambo jingine. Juni 2021 Wakenya waliweza kuangalia mtandaoni wamesajiliwa katika chama gani, na watu wengi, mimi nikiwamo, wakajikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawakujiunga navyo. Sheria ya Vyama vya Kisiasa inataka chama kiwe na wapiga kura wasiopungua 1,000 katika zaidi ya nusu ya kaunti zote ndipo kisajiliwe kikamilifu, kwa hiyo majina na nambari za vitambulisho ni mali. Mtaani tulishuku madaftari tunayoandika tukiingia majengo ya mjini na tukitoa pesa kwa wakala. Niliandika barua ya kujiuzulu kutoka chama nisichowahi kukipenda, na hadi leo nikiikumbuka damu inachemka.

Mara moja tu nimeona mbinu hizi zikigonga mwamba. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipoletwa, ukiwa na mapendekezo kama VAT ya asilimia 16 kwa mkate na ushuru wa asilimia 2.5 wa thamani ya gari kila mwaka, vijana waliusoma kifungu kwa kifungu. Walitengeneza video wakiueleza kwa Kiswahili, Sheng na lugha za mama. Walipoulizwa ni wa nani, walijibu hawana kabila, hawana chama, hawana kiongozi. Fikiria jinsi jibu hilo lilivyomchanganya mtu aliyezoea kumtafuta adui kwanza. Yule kijana wa WhatsApp alikuwa miongoni mwao. Majibu ya pembeni yalikuja: ni wahuni, kuna wanaowafadhili, Julai rais alinyoshea kidole shirika la Ford Foundation, nalo likakanusha. Lakini swali lilikuwa fupi, la kukubali au kukataa, na halikuhama. Juni 26, siku moja baada ya Bunge kuvamiwa, rais alitangaza hatautia saini mswada huo. Makumi ya watu waliuawa katika wiki hizo na wengine wakatekwa. Wana wazazi, na kesi zao hazijaisha. Na ona: kufikia Oktoba nchi nzima ilikuwa ikibishana kuhusu naibu wa rais aondolewe au asiondolewe, na majina ya waliokufa yakasukumwa hadi kurasa za ndani.

Sisi mtaani tulibadilisha utaratibu wa mikutano mwaka wa 2023. Swali sasa huandikwa kwa maandishi makubwa kwenye karatasi ya manila na kutundikwa mbele, na mheshimiwa hupelekewa nakala wiki moja kabla. Hakuna fulana za chama, hakuna muziki kabla ya jibu. Mwenyekiti wetu ni mwalimu mstaafu mwenye sauti ya kusikika bila kipaza, na mgeni akianza kutaja wabaya wake yeye humkatiza kwa adabu: "Mheshimiwa, tafadhali turudi kwenye karatasi." Akijibu, naandika tarehe, anaweka saini kitabuni, wakazi wawili wanashuhudia. Hatumwambii mtu ahame chama. Mume wangu ni mtu wa chama hadi leo, na ndiye hushikilia ile karatasi upepo ukivuma.

Tulijifunza pia kuandika barua. Sheria ya Kupata Habari ya 2016 inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu, na tulipouliza kuhusu bomba letu tulijibiwa, baada ya kukumbusha na kukumbusha. Katika orodha tuliyoletewa, ukarabati wake ulikuwa umeandikwa kwamba umekamilika. Nilitoa nakala. Tulizisoma kwa sauti mkutanoni, yule mama wa samaki akiwa mstari wa mbele, na hakuna aliyepiga makofi wala aliyeimba. Kila mtu alitaka kujua ni nani alitia saini. Miezi michache baadaye kipande cha kutoka shuleni hadi njia panda kilibadilishwa. Kile cha kuelekea mtoni bado, na kimeandikwa kwenye karatasi ya mkutano ujao pamoja na zahanati.

Mitaa miwili jirani imetuomba mfano wa utaratibu wetu. Tumewapigia chapa, tukawaongezea ukurasa unaoonyesha kazi gani ni ya ofisi gani kulingana na Jedwali la Nne. Baadhi ya wanaotaka kiti cha wadi 2027 wameshathibitisha kuja. Mmoja aliuliza kama anaweza kuleta kikundi chake cha muziki, tukamjibu aje na mtu anayejua bajeti.